Anayeanza Ndiye Anayeandikwa

Pickett, Virginia
13 Aprili 1965

Dada yangu mpendwa Verna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kuku wako wazima, na shemeji Clell mzima. Mimi pia ni mzima, ukiondoa bega la kushoto na mbavu tatu. Usikimbilie simu ya kanisani. Sijafa. Mkono wa kulia unaandika vizuri kama unavyoona, ila kalamu ni ya nesi na anaitaka.

Jumapili mbioni mpinzani wangu Buck Rainey alinigonga gari kwa nyuma kwenye kona ya tatu, nikaenda moja kwa moja ukutani. Jana alikuja hapa hospitalini na maua. "Pole, mzee," akaniambia, "nilidhani umeshaondoka pale." Nikamwambia maua apeleke gereji, gari ndilo lililokufa. Tukacheka, nami kucheka kwenyewe ni kosa ukiwa na mbavu kama zangu.

Madaktari wananiambia nikae wiki sita. Wiki sita nitazitoa wapi? Nina mataji matatu, naongoza kwa pointi mwaka huu, na nina miaka arobaini na mbili. Dada, nimechoka. Tangu mke wangu Maxine aondoke sina hata mtu wa kumwambia hivyo. Miaka kumi na saba nalala hoteli za barabarani, nikiamka sijui niko jimbo gani mpaka nisome karatasi ya sabuni. Nikipata la nne nitaacha, nirudi Sawyer Gap nikae barazani nikunenepee. Hilo moja tu ndilo lililobaki kunisukuma.

Kwa hiyo namwomba Clell. Sheria zetu unazijua: anayeanza ndiye anayeandikwa. Ukiwa kwenye usukani bendera ya kijani inaposhuka, ukapita mstari, basi mbio hizo ni zako mpaka mwisho. Pointi zako, ushindi wako, hata ukitoka baada ya mzunguko mmoja na mwenzako akamalizia yote. Kwa bega hili, mzunguko mmoja nitauweza nikiuma meno. Kisha naingia kituoni kwa mafundi, natoka, Clell anaingia, anamaliza. Gari langu simwamini mtu mwingine. Yeye ndiye aliyenifundisha, na gari langu la kwanza la mbio lilikuwa lake, alinipa funguo mwenyewe.

Najua alikuahidi hatashika usukani wa mbio tena. Najua na habari za kifua chake. Wiki sita tu, dada yangu. Usimfiche barua hii.

Mdogo wako,
Hoyt


Sawyer Gap, North Carolina
19 Aprili 1965

Mdogo wangu Hoyt,

Tumepokea barua yako, nimeisoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Sisi hatujambo. Kuku nao hawajambo, asante kwa kuwakumbuka kabla ya mume wangu. Pole sana kwa mbavu. Pasaka tumekuombea kanisa zima, na mchungaji akalitaja bega lako kwa jina, bega la kushoto, ili Mungu asikosee.

Ebo! Mtu kavunjika mbavu tatu, haombi dawa, anaomba dereva! Wewe mtoto sijui mama alikula nini alipokuwa na mimba yako.

Kweli nilimficha. Nilitia barua kwenye kopo la unga, nikasahau kwamba Jumamosi ndiye anayeoka mkate wa mahindi. Akaja sebuleni na barua imejaa unga. Akaiweka mezani, akatoka kwenda bandani. Punde namsikia anapiga mluzi. Hoyt, mume wangu hajapiga mluzi tangu alipoacha mbio.

Nilimfuata. Nikamwuliza, "Wewe Clell, umesahau ulichoniahidi?"

"Sijasahau," akasema. "Nilikuahidi sitashindana tena. Hii si kushindana. Hii ni kumpelekea Hoyt gari lake nyumbani."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Miaka kumi na miwili amemeza vumbi la pamba pale kiwandani, daktari wa kiwanda anamwambia ni sigara, na Clell hajavuta hata moja maishani mwake. Anailima tu tumbaku. Akipanda ngazi za baraza anasimama katikati kana kwamba ameona kitu. Haoni kitu, anatafuta pumzi.

Mchukue. Lakini awe na maji ndani ya gari, na kitambaa chenye maji puani, na akikohoa mtoe. Na wiki sita ni sita. Nitazihesabu kwa kalenda ya duka la mbolea.

Dada yako,
Verna


Sawyer Gap
20 Julai 1965

Hoyt, mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Nadhani bega limepona, maana gazeti linasema wewe ni simba. Hapa tuko, joto kali, tumbaku inataka kuchumwa na mikono ni yangu miwili.

Wiki sita zimekuwa kumi na tatu, na kutoka kwako sijaona mstari. Clell anaondoka kila Alhamisi, anarudi Jumatatu, anakula maharage yake, analala. Nikimwuliza mbio zilikuwaje anasema, "Tulipita salama." Basi nasoma gazeti. Hoyt Ledbetter ashinda mbio za Tolliver. Hoyt Ledbetter ashinda tena, bega bovu, moyo wa chuma. Natafuta jina la mume wangu mpaka kwenye matangazo ya ng'ombe.

Jumapili iliyopita hamkuwa na mbio, Clell akaja kanisani, na mchungaji akasema madhabahuni, "Tumshukuru Bwana kwa ushindi wa ndugu yetu Hoyt." Unajua Clell alifanya nini? Alisema "Amina!" kwa sauti kuliko watu wote. Nikamkanyaga mguu.

"Unanikanyagia nini?" akaninong'oneza.

"Ni wewe uliyeshinda, mjinga wewe."

"Gari ndilo lililoshinda," akasema, na akaendelea na wimbo, pumzi ikamwishia kwenye ubeti wa pili.

Sasa nisikilize vizuri, maana nilikulea nikakupangusa makamasi na sijakuomba kitu tangu mama afariki. Nilimpeleka Clell kwa daktari mwingine, wa mjini. Amempiga picha kifua. Amesema mapafu yamekwisha, Hoyt. Hakuna dawa ya kuyarudisha. Amesema msimu wa baridi utakuwa mgumu, na kuhusu masika hakusema lolote, akajifanya anatafuta miwani. Nilimwambia Clell aache magari leo leo. Amekataa. Amesema akikaa kitini bandani atakufa vilevile, ila kwa kuchoka kungoja.

Nilikwenda maktaba nikaomba kile kitabu cha mbio. Clell Stamper: mbio arobaini na moja, ushindi hakuna. Ndivyo kilivyosema. Zile arobaini na moja ni za zamani, alipokuwa na lile gari lake bovu kabla hajakupa wewe. Na hizi anazokuendeshea, anazoshinda, kitabu hakizijui.

Mpe moja. Aanze yeye. Akae kwenye usukani bendera ikishuka, apite mstari yeye, ashinde moja kwa jina lake, kitabu kiandike. Ni hilo tu ninalotaka. Ana uwezo, wewe na mimi tunajua nani ni dereva kati yenu. Samahani, lakini ndivyo ilivyo.

Dada yako,
Verna


Tolliver, Georgia
2 Agosti 1965

Dada Verna,

Salamu nyingi na pole kwa joto na tumbaku. Hapa afya ni ya kubahatisha, bega likisikia mvua linaniamsha kabla ya saa. Lakini nashukuru.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya daktari sikuyajua. Clell hakuniambia. Anakohoa, ndiyo, lakini sote tunakohoa, ule moshi ni wa kukaushia nyama. Nilimwuliza jana tukiwa chini ya gari. "Verna anasema unaumwa." Akasema, "Verna anasema mengi. Nipe spana."

Na hilo la nani ni dereva, wala usiombe samahani. Nimelijua tangu nina miaka kumi na tisa. Mimi najua kulazimisha gari. Clell analiongoza kama mtu anayetembea na ng'ombe wake kisimani, halafu ukitazama saa unakuta kakuacha mbali. Angekuwa na mtu wa kumnunulia tairi enzi zile, ungekuwa unanisoma mimi kwenye matangazo ya ng'ombe.

Nitampa. Ila nielewe, dada. Akianza yeye, mimi siku hiyo napata sifuri, na Buck Rainey yuko nyuma yangu karibu ya kunusa. Mzee Teague, mwenye gari, akisikia atazimia. Ngoja niongeze pengo kidogo. Mbio za Sikukuu ya Wafanyakazi, Septemba, pale Brandt. Zile atakuwa anaanza yeye. Nakuahidi.

Mdogo wako,
Hoyt


Sawyer Gap
9 Septemba 1965

Hoyt,

Hatujambo. Natumaini hujambo.

Nilisikiliza redio tangu wimbo wa taifa. Nilikuwa nimewaita akina Opal wa jirani, nimewaokea pai ya viazi vitamu, nimewaambia leo mtasikia jina. Mtangazaji akasoma wote arobaini. Jina la Stamper halikuwemo. Opal akasema labda amelitamka vibaya. Maskini, alikuwa ananitafutia njia ya kutokea.

Ulianza wewe. Ukatoka mzunguko wa nne. Akaendesha yeye mpaka wa mia tatu kwenye jua lile, mkawa wa pili, na wa pili huyo akaandikwa wewe.

Alirudi Jumanne. Kitambaa chake cha puani nilikifua mara tatu, maji ya kwanza yalikuwa meusi, ya pili mekundu. Nilipomwuliza kwa nini Hoyt hakumwachia, akasema, "Hoyt ana mambo mengi kichwani." Hata kukusengenya hataki!

Ahadi ni deni, mama alikuwa akisema. Au wewe ulikuwa umeshahama?

Dada yako,
Verna


Pickett, Virginia
18 Oktoba 1965

Dada yangu,

Nakusalimu ingawa najua hutaki salamu yangu. Vipi kifua chake wiki hii? Akiwa nami hujikaza, kwako ndiko anakokohoa ukweli.

Sina la kujitetea kuhusu Brandt. Asubuhi ile Mzee Teague alinijia na karatasi ya pointi, akanionyesha. Nilimwambia Clell, "Nadhani leo nianze mimi." Akasema, "Haya." Neno moja. Nilitamani anitukane.

Sasa ni hivi. Zimebaki mbio za mwisho, hapa Pickett, Novemba 21. Nimekwenda kwa Mzee Teague nikamwambia anaanza Clell. Akaniuliza kama nimegonga kichwa tena. Nikamwambia anaanza Clell, la sivyo siji. Akatoa matusi nisiyoweza kukuandikia, mengine ya kigeni nadhani, mwishowe akakaa juu ya tairi akasema, "Ni taji lako, si langu."

Nikikosa pointi za siku hiyo, Rainey anahitaji kumaliza tu, na Rainey humaliza. Kwa hiyo la nne limekwenda. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima, nikilipima, na nimeona sioni uchungu mwingi kama nilivyoogopa. Nimechoka mno hata kuona uchungu. Mwandikishe kichwani mwako: Clell Stamper, gari namba kumi na sita, anaanza.

Mwambie wewe. Mimi ameshaniambia "haya" nyingi, ya safari hii nataka akuambie wewe.

Mdogo wako,
Hoyt


Sawyer Gap
1 Novemba 1965

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo, mwana wa mama yangu? Umelala vizuri? Unakula? Leo nakuuliza kwa dhati.

Nilimwambia jana baada ya ibada. Alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. "Sema tena," akasema. Nikasema tena. Akamenya kiazi kile mpaka kikabaki kama jiwe la kutupia ndege. Kisha akasema, "Rainey atapata taji la Hoyt."

"Hoyt anajua," nikamwambia.

"Lo!" akasema. Lakini leo asubuhi nimemkuta mbele ya kioo amenyoa, na ni Jumatatu, na hana pa kwenda. Ameniomba nimtafutie lile shati lake jeupe. Nikamwuliza shati la nini ndani ya gari lililojaa grisi. Akasema, "Watapiga picha, Verna."

Mwanamume wa miaka arobaini na tisa, Hoyt, anajitazama kioo kama bwana harusi. Niliingia jikoni nikalia kidogo, kisha nikapika.

Mimi siji. Nimeshajaribu kutazama, moyo wangu hauwezi. Nitakuwa na redio. Safari hii simwiti Opal, nataka nisikie peke yangu.

Asante, mdogo wangu. Mungu akupe pumziko.

Dada yako akupendaye,
Verna


Sawyer Gap
24 Novemba 1965

Hoyt,

Mtangazaji alisoma, "Gari namba kumi na sita, Clell Stamper." Niliruka juu, nikagonga taa. Kisha akasema mawingu yamekaribia, wanaharakisha kuanza. Kisha akapiga kelele, "Bendera ya kijani! Na aliyeko kwenye namba kumi na sita ni Hoyt Ledbetter! Wamebadilishana!" Nikakaa sakafuni.

Nimesikia yote. Nimesikia Clell alivyoingia garini mzunguko wa pili. Nimesikia alivyotoka wa mwisho, akawapita mmoja mmoja, mizunguko mia mbili na hamsini, na mtangazaji anasema hajawahi kuona gari likiendeshwa hivyo. Nimesikia alivyoshinda. Na leo gazeti liko mapajani mwangu: Ledbetter bingwa kwa mara ya nne. Wewe umevaa shada la maua. Clell yuko pembeni ya picha, amekatwa nusu, amekaa juu ya tairi na kopo la maji. Shati lake jeupe linaonekana.

Hapandi tena ngazi za baraza. Tumemletea kitanda sebuleni.

Nijibu swali moja tu, na usinizungushe maana nimechoka kuzungushwa. Ulifanya makusudi?

Verna


Pickett, Virginia
5 Desemba 1965

Dada,

Sijui kama unataka kujua hali yangu. Ya Clell nauliza kila siku kwa Opal, nampigia dukani kwao, ndiye anayenipa habari.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nitakuandikia jinsi ilivyokuwa.

Clell alifika akiwa amevaa shati lile, amechana nywele. Lakini kutoka lango hadi kwenye gari alisimama mara nne. Kabla ya mbio huwa tunazunguka polepole mizunguko mitatu nyuma ya gari la kuongoza. Hiyo ndiyo mibaya kuliko yote, upepo hakuna, moshi wa magari arobaini unakuingia kifuani. Nilimwona midomo imegeuka rangi. Nikamwambia, "Ile ya polepole nikuzungushie mimi. Baada ya miwili naingia kituoni, unakaa wewe, unaanza. Utatokea nyuma ya wote, lakini utakuwa na pumzi." Akafikiri, akasema, "Haya, nitunzie kiti." Sote wawili tulicheka. Ilikuwa nia njema, Verna. Mpaka hapo ilikuwa nia njema, naapa kwa kaburi la mama.

Mvua ikatishia kunyesha. Wakuu wakaamua mzunguko wa polepole uwe mmoja tu. Hakuna aliyetuambia. Niko kona ya nne naona gari la kuongoza linazima taa na kukaa pembeni, na magari yote yakaunguruma, na mwenye bendera kanyanyua mkono.

Sasa swali lako.

Kulikuwa na nafasi. Njia ya kuingia kituoni ilikuwa mkono wangu wa kushoto, pana kama mlango wa banda la tumbaku, na hakuna gari lililonizuia. Ningekata kushoto ningeingia kabla ya mstari. Nilimwona Clell ukutani, helmeti kichwani, amenyoosha mkono kunionyesha niingie. Nilimwona kabisa. Mguu ukakanyaga. Miaka kumi na saba bendera ile ikishuka mguu unakanyaga, haunisubiri mimi. Ndivyo nilivyojiambia mzunguko mzima ule, kwamba ni mguu. Nimejiambia wiki mbili sasa. Lakini kabla ya mguu kukanyaga nilifikiri neno moja, dada, na neno hilo lilikuwa "nne".

Nilipoingia kituoni na kutoka garini nilishindwa kumtazama. Akauliza, "Breki bado zinavuta kushoto?" Nikamwambia zinavuta. Akaingia, akafunga mkanda, akaenda.

Shada waliponivisha sikulivua. Hilo nalo liandike.

Nimewaandikia wakuu wa mbio wampe Clell ushindi ule na mimi wanivue taji. Wamejibu mistari miwili: sheria ni sheria, anayeanza ndiye anayeandikwa. Nimemrudishia Mzee Teague funguo. Sitaendesha tena. Nilidhani nikipata la nne nitapumzika. Nalala mchana kutwa na bado nimechoka.

Nataka kuja. Sema neno moja nije.

Mdogo wako,
Hoyt


Sawyer Gap
25 Februari 1966

Hoyt,

Salamu. Nimechelewa kujibu. Barua yako ilifika Desemba, nami nilikuwa na mgonjwa.

Nilimsomea yote. Niliporuka mahali alinigundua, akasema rudi nyuma. Nilipofika pale pa "nne", akafumba macho, nikadhani amelala. Nikamwuliza, "Ulijua alipofanya vile?" Akasema, "Nilijua alipopita mstari. Nilikuwa nimesimama pale pale." Nikamwuliza, kwa hiyo ulipoingia garini ulijua si yako tena? Akasema ndiyo. Nikamwambia, basi kwa nini, Clell, kwa nini ujiue mizunguko yote ile kwa kitu ambacho si chako? Akavuta pumzi za kujibia.

"Gari lilikuwa zuri siku ile, Verna," akasema. "Lilikuwa linakwenda popote ninapolitaka."

Alisema nikuandikie kwamba hana kinyongo, na kwamba ungekuwa ni mguu wake huenda nao ungekanyaga. Mimi siamini hilo la mguu wake, lakini aliniagiza nami nimeliandika.

Clell alifariki Jumapili, tarehe ishirini, mchana, mimi nikiwa nimemshika mgongo. Tumemzika Jumatano pale juu kwa mama. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia. Buck Rainey alikuja, amevaa suti, akasimama mwisho kabisa kwenye tope. Alinishika mkono akasema, "Mama, mwaka jana sote tulikuwa tukishindana na mumeo." Mafundi nao walikuja. Wote waliniuliza Hoyt yuko wapi.

Simu ya kanisani ilikuwa pale, na namba yako naijua kwa kichwa. Nilikaa nayo mbele yangu Jumapili jioni, na Jumatatu, na Jumanne asubuhi bado ungewahi. Sikupiga, na Opal nilimkataza asikuambie. Sitakuambia kwamba ni mkono uliokataa. Nilikataa mimi.

Kwa hiyo usije sasa. Baadaye huenda nikakuita, sijui. Pumzika kama unaweza.

Verna,
mke wa Clell Stamper